Vifaranga Mia Tatu

Binti alirudi Jumanne saa saba mchana, katikati ya muhula, wala hakuwa amemwambia mtu. Baba yake, fundi wa laini za umeme, alipotoka kazini alikuta begi la bluu limesimama sebuleni, gurudumu moja limevunjika. Akabaki mlangoni ameshika kofia yake ya kazi kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaenda kuchungulia chumbani, akamkuta mwanawe amelala kifudifudi na viatu miguuni. Akarudi sebuleni, akakaa, akainuka, akaenda kuchungulia tena. Alikuwa bado yupo.

Mkewe, mhudumu wa zahanati, aliingia saa kumi na moja na kumkuta mumewe analitazama lile begi.

"La nani hilo?"

"Yupo ndani," Fundi akasema. "Mwanao."

Miaka miwili na nusu sasa binti alikuwa ng'ambo, akisomea viumbe wa baharini kwa ufadhili wa chuo chenyewe. Fundi mwenyewe hakuwahi kuingia baharini maji yakampita magoti, lakini alikuwa amejifunza kuieleza elimu hiyo kwa yeyote aliyeuliza, na hata kwa wasiouliza. Kazini walimwita Baba Papa. Ulikuwa utani, naye aliupenda kuliko jina lake.

Binti alipoamka walimuuliza. Alisema amekuja kupumzika. Chuo kimefungwa? Hapana. Anaumwa? Hapana. Basi amefukuzwa?

"Sijui," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Jibu hilo lilimsumbua Fundi kuliko kama lingekuwa ndiyo. Kwa akili yake mtu hawezi kutojua jambo kama hilo. Ni kama umeme kwenye waya, ama upo ama haupo, na asiyejua hapandi nguzo.

Alhamisi alikuja shangazi mtu, dada yake Fundi, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Alimkumbatia binti, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, macho yakakawia katikati. Baadaye jikoni alimnong'oneza wifi yake kwamba wasichana hawarudi hivi hivi. Mama alimjibu kwa ukali kuwa mwanawe si wa namna hiyo, lakini Ijumaa alirudi kutoka zahanati na kipimo cha mimba amekifunga ndani ya leso. Binti alikishika, akakitazama kwa muda, mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Akaingia bafuni, akatoka, akakiweka mkononi mwa mama yake.

"Umeridhika, mama?"

Mama alikitupa, akaketi juu ya kitanda chake na viatu vya kazi miguuni. Alimwambia mumewe kwamba si hilo. Alisema kwa aibu, na Fundi aliona kuwa kulikuwa na kitu kingine ndani ya aibu ile. Mimba wangejua la kufanya nayo.

Siku zilipita. Binti alikula kidogo, alilala sana, aliosha vyombo hata visivyo vichafu. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu afike. Kazini dereva wa gari la ngazi aliuliza kama ni kweli Papa mdogo amerudi. Fundi alijibu kuwa ni likizo fupi, za kule haziko kama za huku, akaharakisha kuvaa mkanda wake wa usalama.

*

Jumatatu, akiwa ndani ya gari la kazi, kwenye simu yake uliingia ujumbe mrefu kwa lugha ya ng'ambo. Namba yake ndiyo iliyoandikwa chuoni kama namba ya mzazi. Alitambua vitu viwili tu: jina la mwanawe, na hesabu ya mia tatu na kumi na mbili. Angeweza kumpelekea binti amsomee, lakini alijua angesomewa nusu. Akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda kwenye duka la steshenari, kwa mama anayewachapia watu barua za maombi ya kazi na kuwatafsiria vyeti.

Yule mama alivaa miwani, akaanza kusoma huku kidole kikitembea juu ya kioo cha simu. Alisema inatoka chuoni. Wamemtafuta binti wiki nzima na hapatikani. Halafu kidole kikasimama.

"Kuna vifo hapa."

"Vifo vya nani?"

"Wadogo. Wanasema... watoto. Mia tatu na kumi na wawili." Aliinua macho. "Binti yako anatakiwa atoe maelezo yake kabla ya tarehe ishirini. Na kuna mtu amesimamishwa kazi kwa sababu hiyo."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kutoa nakala waliacha kuzungumza. Fundi alitoa pochi. Mwenye duka akakataa malipo, akamrudishia simu kwa mikono miwili, na ule ukarimu ndio uliomtisha. Hakuwahi kumwona mama yule akikataa pesa ya mtu.

Alitembea akiwa hasikii kelele za barabara. Mwaka uliopita binti aliwatumia picha, amesimama mbele ya tangi kubwa la kioo na kundi la watoto wa shule waliovaa kofia za njano. Alikuwa akiwafundisha habari za samaki mara moja kwa mwezi. Fundi aliwahi kuwahesabu, walikuwa kumi na wanane. Mia tatu wametoka wapi? Labda waliwapandisha kwenye meli. Labda kioo kilipasuka. Lakini watoto mia tatu wangekufa, redio zote zingesema. Au redio za huku hazisemi ya kule? Alijikuta ameketi juu ya ukuta mfupi wa nyumba asiyoijua, na mwenye nyumba anamuuliza kutoka dirishani kama anamtafuta mtu.

*

Binti alikuwa jikoni peke yake akimenya vitunguu. Fundi alifunga mlango nyuma yake, akabaki ameshika kitasa.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "wale watoto wamekufaje?"

"Watoto gani?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Nimesomewa."

Binti alikiweka kisu chini taratibu. Macho yalikuwa mekundu, ya vitunguu au ya kitu kingine.

"Nilizima pampu ya hewa," akasema. "Nikasahau kuiwasha."

"Walikuwa ndani ya maji?"

"Baba, ni samaki. Vifaranga wa samaki."

Fundi alimtazama, na neno lile likachukua muda kumwingia. Lilipomwingia alicheka. Kicheko kilitoka tumboni, hakukiita, akajishikiza kwenye sinki machozi yakimtoka. Samaki. Alitembea njia nzima amebeba maiti za watoto wa watu kichwani, kumbe samaki. Alisema maneno mengi, kwamba amewaua wazazi wake kwa hofu ya bure, kwamba shangazi yake ameshamzalisha na mapacha, kwamba samaki mia tatu sokoni hawamalizi hata asubuhi moja. Alipojifuta macho jikoni hapakuwa na mtu. Kitunguu kimoja kilikuwa kimemenywa nusu, na kutoka chumbani ilisikika sauti ya ufunguo ukizungushwa.

Alimsimulia mkewe alipofika, akingoja naye acheke. Mama hakucheka. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja.

"Na huyo aliyesimamishwa kazi ni nani?"

Fundi alikuwa amemsahau kabisa.

*

Binti alitoka mwenyewe kesho yake jioni, akaketi mezani, akasimulia bila kumtazama mtu. Wale samaki walikuwa wa aina iliyotoweka katika ghuba ile kabla yeye hajazaliwa. Mwalimu wake mkuu, mama mmoja mwenye mvi, alikuwa amehangaika miaka kumi na mmoja kuwafanya wazae ndani ya matangi. Hawa ndio wa kwanza kuishi zaidi ya mwezi. Walikuwa na urefu wa ukucha. Yeye ndiye aliyewalisha na kuwahesabu kila asubuhi, na zilikuwa zimebaki wiki tatu wapelekwe baharini.

Jumamosi ile alitaka kusafisha kioo, kwa kuwa Jumatatu kulikuwa na wageni. Mhudumu wa matangi, mzee aliyehamia kule kutoka nchi nyingine, alikuwa ameshakagua pampu zote, ameshatia saini kitabu na kufunga mlango. Sheria hairuhusu mwanafunzi kuingia baada ya hapo. Mzee alimfungulia kwa ufunguo wake, wala hakuandika jina lake kitabuni, akamwambia afanye haraka. Binti akazima pampu ili maji yatulie aone uchafu. Simu ikalia. Mle ndani sauti ilikuwa inakatika, akatoka nje.

"Nani alipiga?" mama akauliza.

"Ni baba."

Fundi aliikumbuka simu ile. Ilikuwa ndefu. Alimpa na mama yake, shangazi naye akaomba azungumze, kisha ikarudi kwake, wakacheka habari za dereva aliyeanguka kutoka kwenye ngazi isiyo na urefu wowote. Karibu saa nzima. Walipoagana binti alikuwa ameshatembea hadi bwenini huku anazungumza, na mikono yake haikukumbuka tena kitu chochote. Jumapili alfajiri waliwakuta wote wanaelea.

Mzee alipoulizwa nani aliingia, alisema hakuna. Wakaona basi hakukagua ipasavyo, wakamsimamisha. Binti alisikia habari hizo Jumatatu asubuhi, akanunua tiketi kwa akiba yake yote.

Jambo la kwanza Fundi alilouliza, na alijua lilikuwa baya hata kabla halijamalizika kutoka, lilikuwa hili: "Na huyo mzee, kwa nini akufichie? Anataka nini kwako?"

Binti alimtazama kana kwamba ametemea chakula mate. Akasema hataki kitu. Humpa chai. Humuuliza kama amekula. Mbona amemficha, hilo hata yeye halijui.

Mama alikuwa pembeni akikunja nguo zilizoanuliwa. Fundi aliinuka akatembea mara mbili kutoka mlango hadi dirisha. Aliporudi kuketi alikuwa na karatasi, kalamu, na sura ya mtu aliyefika mahali anapopajua. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika taarifa za matukio. Alimuuliza kama wamemtuhumu kuingia. Hapana. Wanataka aeleze tu mara ya mwisho kuliona tangi lilikuwa katika hali gani. Basi, akasema, mtu hajibu asiloulizwa. Akaanza kuandika, anasoma kwa sauti huku anaandika: siku ya Jumamosi asubuhi pampu ilikuwa ikifanya kazi. Siku ya Jumapili pampu ilikutwa imezimika. Chanzo hakijafahamika.

"Kwenye taarifa usiseme nani," alimwelekeza. "Sema kilichotokea. Unaona? Hakuna uongo hata mmoja hapo."

Binti aliisoma ile karatasi kwa makini, kama mwanafunzi mzuri.

"Baba, umeshaandika hivi mara ngapi?"

Nguo ziliacha kukunjwa. Fundi alisogeza kikombe chake, akakirudisha kilipokuwa.

"Mara moja."

Mama alikuwa anafikiri, na walimsikia akilifikia jibu. "Ni yule aliyehamishiwa kule mbali," akasema. "Aliyekuwa akija Jumapili kututengenezea redio. Wewe uliniambia alikuwa mzembe."

Fundi aliiweka kalamu chini. Mama alishika shati, akalikunja, akalikunjua, akalikunja upya.

Binti aliigeuza karatasi. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, akaanza kuandika kwa lugha ya kule. Fundi alitazama mkono wa mwanawe ukienda bila kusimama. Alitamani kumnyang'anya kalamu. Alitamani pia asimnyang'anye, na matamanio yote mawili yalikuwa na nguvu sawa, kwa hiyo alikaa tu.

"Unaandika nini?"

"Nilichofanya."

"Wakikufukuza je?"

"Nitakuwa nimefukuzwa," binti akasema. "Angalau nitajua."

*

Walingoja siku nane. Wakati huo maneno ya steshenari yalikuwa yameshauzunguka mtaa mzima. Kinyozi alinyamaza Fundi alipoingia, akamnyoa kimya, akamwambia pole bila kusema ya nini. Shangazi alikuja analia, akitaka kujua kama kule wananyonga watu. Ikabidi Fundi aeleze mlango kwa mlango kwamba hapana, ni samaki, na watu wakacheka kama alivyocheka yeye, wengine hadi wakaketi. Alishangaa kuona kicheko hicho kinamuudhi. Alirudi kwa kinyozi, akamwambia kuwa walikuwa na urefu wa ukucha, na kwamba mtoto wake alikuwa akiwahesabu kila siku mmoja mmoja. Alinyoosha hata kidole chake amwonyeshe. Kinyozi alikitazama kidole, akasema pole tena. Fundi hakujua kama ameeleweka au amedhihakiwa.

Nyumbani mama alizungumza naye yale ya lazima tu. Chakula kiko mezani. Maji yamekatika. Siku moja alimuuliza yule wa redio ana watoto wangapi. Fundi akasema wanne, nadhani. Mama akarudia lile neno, nadhani, akatoka nje.

Jibu lilipokuja binti aliwasomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Ataendelea na masomo. Hataruhusiwa kuingia chumba cha matangi mwaka mzima. Ufadhili utaendelea, ila kwa uangalizi. Kuhusu mhudumu, imethibitika kuwa alikagua pampu kama inavyotakiwa. Imethibitika pia kuwa alimfungulia mlango kinyume cha sheria na kusema uongo mbele ya kamati. Anaondolewa kwenye matangi, anapelekwa kulinda geti.

Fundi alimwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

"Sasa subiri," Fundi akasema. "Ungenyamaza ingekuwaje?"

"Angefukuzwa."

"Na umesema, ndiyo ameshushwa. Habari ya uongo wake tumewapa sisi." Alijikuna kichwa. "Kwa hiyo tumemsaidia au tumemuumiza?"

"Sijui, baba."

"Vyote," mama akasema. Ndilo neno la kwanza alilokuwa amemwambia siku ile, ingawa hakuwa amemtazama.

*

Siku moja kabla ya safari, asubuhi, binti alimpigia yule mzee. Begi lilikuwa limefungwa, na gurudumu Fundi alikuwa amelibadilisha. Alipiga kwa simu ya baba yake, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Mwanzoni alizungumza amesimama. Sauti ya upande wa pili ilikuwa nzito, ya mtu asiye na haraka, na kila iliposema binti aliinamisha kichwa. Mwishowe aliketi.

Alipopata nafasi aliwageukia wazazi wake, akaziba simu kwa kiganja. Alisema mzee hana kinyongo cha geti. Kuna kiti, na watu humsalimia. Kinachomkasirisha ni Jumatatu.

"Jumatatu gani?" mama akauliza.

"Anasema Jumapili alidanganya kwa sababu aliamini Jumatatu asubuhi nitakwenda kusema mwenyewe. Alitaka nipate hiyo siku moja. Akangoja. Jumanne akaambiwa nimepanda ndege."

Fundi alinyoosha mkono. "Nipe nizungumze naye."

"Baba, hamtaelewana."

"Nipe."

Alisimama, akavuta shati lake likae sawa, kama mtu anayeitwa ofisini. Aliishika simu karibu na mdomo. Alisema yeye ndiye baba yake binti. Alisema ile simu ya Jumamosi ilikuwa yake. Kisha akakwama, wakamwona anatafuta neno.

"Ndugu yangu, nilikudhania mabaya. Kabla sijakujua nilikudhania mabaya, na bado sikujui. Naomba unisamehe."

Upande wa pili ilisikika honi, na chuma kikisogezwa, labda lile geti. Halafu yule mzee akaanza kusema, taratibu, kwa sauti ya chini, na akasema kwa muda mrefu. Fundi alisikiliza ameinamisha shingo. Mzee alipopumua, yeye alisema naam. Mzee akaendelea, naye akasema naam tena. Mwishoni wote wawili walinyamaza, hakuna aliyekata simu, mpaka salio likaisha.

"Amesemaje?" mama akamuuliza binti.

Binti alikuwa amekunja uso. "Ile si lugha ya kule, mama. Itakuwa ya kwao. Mimi siijui hata neno moja."

Mama alimgeukia mumewe, na safari hii alimtazama usoni. "Sasa ninyi mlikuwa mnaambiana nini?"

Fundi aliketi, simu ikiwa bado mkononi.

"Sijui," akasema. "Lakini hakukata."